Anayechangia Uwanja Apewe na Sauti

Kirumba pale Mwanza, Sokoine pale Mbeya, Sheikh Amri Abeid pale Arusha, Mkwakwani pale Tanga, Majimaji pale Songea, Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, Kambarage pale Shinyanga. Hivi ndivyo viwanja ambavyo kwa miongo kadhaa vimebeba soka la Tanzania Bara nje ya Dar es Salaam, na vyote vina mwenye nyumba mmoja: Chama Cha Mapinduzi. Wazee wa miji hiyo wana habari ya nyongeza. Watasimulia jinsi viwanja vingi vya aina hiyo vilivyoinuliwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvukazi ya wananchi, watu ambao wakati ule hawakuwa na sababu ya kuuliza chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi.

Sababu hiyo ilipatikana mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa. Viwanja vilibaki kwa chama, na tangu hapo hoja ya umiliki wake imekuwa ikiibuka bungeni, vijiweni na kwenye vipindi vya michezo redioni. Wako wanaotaka virudishwe serikalini au kwa halmashauri, na wako wanaosema chama ndicho mmiliki halali na kinastahili kuachwa na mali yake. Kila msimu Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi wanapofungia uwanja kwa sababu eneo la kuchezea limechakaa, mjadala huanza upya.

Kesi hiyo ina mawakili wake pande zote mbili. Kinachostahili kuangaliwa leo ni alama iliyoacha kwa mchangiaji. Halmashauri au kamati ya kata ikiitisha mkutano wa kujenga kituo cha michezo, swali linaloulizwa na watu wa benchi la nyuma halihusu bei ya saruji. Wanauliza: kikikamilika kitakuwa cha nani?

Ni swali halali, na lijibiwe kwa maandishi kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa. Wananchi wa Afrika Mashariki wameonyesha mara nyingi kwamba wako tayari kuunga mkono michezo ya mitaani kwao. Kinachokosekana ni mkataba unaowapa haki juu ya kile walichokichangia.

Kwa sasa macho yote yako kwenye viwanja vikubwa. Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027, na tangu hapo makatapila hayajapumzika. Arusha wanajenga uwanja wa watazamaji 30,000, Nairobi wanajenga Talanta wa watazamaji 60,000, na Hoima huko Uganda wamepata wa watazamaji 20,000. Hii ni miradi ya serikali, inajengwa na makandarasi wakubwa, na hakuna jirani anayeombwa kubeba tofali. Ni sawa iwe hivyo. Lakini binti wa Mbagala na kijana wa Kisauni hawatafanya mazoezi Jumanne jioni kwenye nyasi zilizoandaliwa kwa ajili ya Afrika nzima. Wao wanahitaji kitu kidogo zaidi na cha karibu zaidi: kiwanja cha soka, viwili vya netiboli, kimoja cha kikapu, njia ya kukimbilia, maji, vyoo, taa, na mlinzi anayejulikana kwa jina.

Uhitaji huo hauhitaji kampeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na takwimu zake zinaonyesha kuwa duniani kote asilimia 81 ya wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania milioni 61.7, sehemu kubwa wakiwa watoto na vijana. Wakati huohuo maeneo ya wazi mijini yanazidi kupungua. Kiwanja kilichochezewa na baba leo kina fremu za maduka, au gereji, au ukuta ambao hakuna anayejua ulijengwa kwa kibali cha nani.

Mwenye shaka kama watu wanajali, na aende kwenye mechi ya ndondo. Kwenye viwanja kama Kinesi pale Ubungo na Bandari pale Temeke, mashindano ya mchangani yamekuwa yakikusanya umati ambao timu kadhaa za Ligi Kuu zingeuonea wivu. Mtaa unachanga jezi. Fundi wa viatu anachangia, mama wa chapati anachangia, dereva wa bodaboda anajaza mafuta kwa ajili ya msafara. Mamluki wanaletwa kutoka timu kubwa na kulipwa fedha taslimu zilizokusanywa kwenye kofia. Ndondo Cup ilikua hadi ikawa tukio la kitaifa huku mizizi yake ikiwa ni mitaa hiyohiyo. Yote hayo yanafanyika mara nyingi kwenye ardhi isiyo na hati, isiyo na choo, na ambayo msimu ujao inaweza isiwepo.

Nairobi wana ushahidi wa muda mrefu zaidi. Mwaka 1987, kwenye vitongoji duni vya Mathare, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA. Eneo lilikuwa limejaa taka na mifereji iliyoziba, na fedha hazikuwepo. Wakatunga kanuni ambayo bado inashangaza wageni: timu inayofanya usafi wa mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Timu inayokacha usafi inaweza kushinda uwanjani na bado ikajikuta nyuma ya timu iliyoshika mafagio. Mwaka 1992 chama hicho kilitunukiwa tuzo ya mazingira ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa, na baadaye kikaizaa Mathare United, klabu iliyofika kuwa bingwa wa Kenya.

Siri ya Mathare haiko kwenye mafagio peke yake. Tangu mwanzo vijana wenyewe waliingia kwenye kamati za kuendesha ligi, wakapanga ratiba, wakaamua nani anastahili ufadhili wa masomo. Aliyetoa jasho alipata kiti mezani. Huo ndio uhusiano ambao miradi mingi ya viwanja inaukwepa: inaomba jasho asubuhi na kufunga mlango wa kamati jioni.

Tanzania ina utaratibu wake wa kujenga kwa pamoja, na unajulikana hadi vijijini kabisa. Wananchi hukusanya mawe, mchanga na kokoto, hufyatua tofali, huinua kuta hadi usawa wa renta au zaidi. Halafu halmashauri huleta bati, milango, sakafu na wataalamu. Kwa njia hii yamepatikana madarasa, zahanati na nyumba za walimu zisizohesabika. Kwa njia hiyohiyo yamepatikana maboma: kuta zilizosimama miaka mingi zikisubiri paa, miti imeota ndani, na wananchi wamechoka kuulizwa habari zake.

Ikiwa zahanati inaweza kubaki boma, kituo cha michezo kiko hatarini zaidi. Hakuna mkuu wa wilaya anayehojiwa kwa ukali kwa sababu ya kiwanja cha netiboli. Bajeti ikibana, michezo hukatwa kwanza. Ndiyo maana ahadi ya upande wa pili, ile ya halmashauri, inapaswa kuwa na tarehe, kiasi na jina la ofisa anayewajibika, kama ambavyo ahadi ya wananchi ina idadi ya tofali.

Kenya inatoa onyo jingine. Kamariny, pale Iten katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, ilikuwa njia ya udongo ya kukimbilia, ya kawaida mno kwa kuitazama, ambayo ilikanyagwa na mabingwa wa dunia na wa Olimpiki wakijifua mapema alfajiri. Takriban muongo mmoja uliopita serikali iliahidi kuijenga upya iwe ya kisasa. Njia ya zamani ikavunjwa, kazi ikaanza, kisha ikakwama kwa miaka. Wanariadha wa mji unaojiita nyumba ya mabingwa wakalazimika kutafuta pa kukimbilia kwingine, ikiwemo barabarani pamoja na malori na matatu. Kabla ya mradi walikuwa na kiwanja kibovu. Baada ya mradi kuzinduliwa hawakuwa na kiwanja. Jamii ya Iten haikukosa mapenzi na riadha. Ilikosa kifungu kinachosema kuwa cha zamani hakivunjwi mpaka fedha za kipya ziwe benki.

Wapo wanaopinga wazo zima la wananchi kuchangia. Wanasema kodi imeshalipwa, michezo ni huduma ya umma, na kumwomba muuza mchicha mfuko wa saruji ni kumtoza mara mbili. Hoja hii ina uzito. Sera ya Maendeleo ya Michezo ya mwaka 1995 inatambua wajibu wa serikali katika miundombinu, na Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu 1967. Tena historia ya michango ya lazima haipendezi. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ilikuwa pia jibu kwa wazazi waliochoshwa na michango isiyoisha, na mapema mwaka 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwenye shule za umma. Aliyewahi kuona mgambo akibeba kuku wa mtu kwa sababu ya mchango wa maendeleo anajua hasira hiyo inatoka wapi.

Lakini mchango unaohitajika zaidi kwenye kituo cha michezo cha kata hauko mfukoni mwa maskini. Ardhi tayari ni ya umma au ya kijiji. Fedha za ujenzi mkubwa zitatoka halmashauri, serikali kuu, wafadhili na wafanyabiashara. Ambacho hakuna mfadhili anayeweza kukitoa ni ulinzi wa mipaka dhidi ya wavamizi, macho ya usiku yanayozuia taa kuibiwa, makocha wa kujitolea, na idadi ya watu wanaotosha kumfanya diwani afikirie mara mbili kabla ya kubadili matumizi ya eneo. Kiwanja kilichopimwa kikapewa hati, na chenye majirani mia tatu wanaojua wana haki nacho, ni kigumu kuuza. Kinachotajwa tu kwenye ramani ya mipango miji huliwa kipande kwa kipande.

Nje ya Afrika upo mfano mmoja ambao mashabiki wa soka wanaujua kwa mapenzi, ingawa somo lake kamili husahaulika. Union Berlin, klabu ya Köpenick, mashariki mwa Berlin, ilikuwa na uwanja uliokaribia kufungwa kwa sababu za usalama na haikuwa na fedha za kuukarabati. Kati ya 2008 na 2009 mashabiki zaidi ya 2,000 walijitolea: maseremala, mafundi umeme, walimu, watu wasio na kazi. Walifanya kazi kwa takriban saa 140,000, wakamwaga zege la majukwaa na kuezeka paa. Hadithi hii hupendwa kwa sababu ya koleo na kofia ngumu. Sehemu ya pili hutajwa mara chache: mwaka 2011 klabu iliwauzia wanachama wake hisa za kampuni ya uwanja, kwa euro 500 kila moja, na maelfu walinunua. Wale waliobeba zege wakawa wenye hisa. Leo Union haiwezi kuamka asubuhi ikauza uwanja huo kana kwamba ni wa mtu mmoja.

Kata ya Tanzania au kaunti ndogo ya Kenya haina haja ya soko la hisa ili kufika hapo. Inahitaji karatasi chache zilizoandikwa vizuri. Karatasi ya kwanza ni hati ya ardhi, itaje kwamba eneo ni la michezo na kubadilisha matumizi yake kunahitaji ridhaa ya mkutano wa wakazi. Ya pili ni ya kamati ya uendeshaji, ambayo wajumbe wake wengi wachaguliwe na wakazi na watumiaji, wakiwemo wanawake na watu wenye ulemavu, na isiishie kwa wateule wa ofisi. Ya tatu ni ratiba.

Ratiba inaonekana jambo dogo mpaka hesabu ya nafasi ipigwe. Kiwanja cha soka cha vipimo vya mashindano, mita 105 kwa 68, kina eneo la mita za mraba 7,140. Kiwanja cha netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, hakifiki mita za mraba 470. Kiwanja kimoja cha wavulana kinameza nafasi ya viwanja kumi na vitano vya wasichana. Mradi unaoanza kwa kuchora soka katikati na kusema mengine yatafuata, umeshaamua nani ni mgeni. Hata pale nafasi ya wasichana inapochorwa, saa zao ndizo huibiwa: jioni yenye mwanga wanakuwa wanachota maji na kupika, na wanapofika uwanjani wavulana wameshakamata goli zote mbili. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, shirika la Moving the Goalposts limetumia soka kuwakusanya wasichana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wasichana wenyewe wamekuwa wakishika nafasi za uongozi, ukocha na uamuzi. Ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, yenye siku na saa zao, ingeondoa nusu ya ugomvi.

Karatasi ya nne ni ya fedha za matunzo, na hapa ndipo vituo vingi hufia. Sherehe ya uzinduzi ina kamera; kumwagilia nyasi mwezi Septemba hakuna kamera. Nyasi bandia, ambazo wengi huziona dawa ya kila kitu, hudumu kwa kawaida miaka minane hadi kumi zikitunzwa. Zinahitaji kupigwa brashi na kuongezewa chembechembe za mpira mara kwa mara, na mwisho wake kapeti lote hung'olewa na kununuliwa jipya. Kaitaba ya Bukoba na Nyamagana ya Mwanza, viwanja vya halmashauri, vilipata nyasi hizo kwa msaada wa FIFA. Kidongo Chekundu, katikati ya Dar es Salaam, vijana walifunguliwa kituo cha Jakaya Kikwete mwaka 2015 kwa ushirikiano wa kampuni ya Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Msaada wa aina hii unapokelewa kwa mikono miwili, lakini hakuna mfadhili wa nje anayesaini kununua kapeti la pili.

Fedha za kapeti la pili zinapatikana palepale mtaani, zikipangwa. Kuna kiingilio cha mechi za ndondo, kodi ya fremu zinazotazama barabara, maegesho siku ya mechi, ada ya klabu za mazoezi ya asubuhi ambazo sasa zimejaa kila mji. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, mpangilio wa 4-4-2 ambao shabiki yeyote anaushika bila kuandika. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa mashine ya kufyekea nyasi na kupewa zabuni ya matunzo, na kikundi cha akina mama kikaendesha mgahawa. Mapato yasomwe hadharani kila robo mwaka, na sehemu iliyokubaliwa iwekwe akaunti ya matengenezo ambayo haiguswi kwa posho.

Kamati yenye meno itahitajika pia kusema hapana. Kila kiwanja kizuri huombwa kwa kila jambo: mkutano wa hadhara wa chama, mkutano wa injili, gulio, tamasha la muziki lenye jukwaa la tani kadhaa, gwaride. Magari yakishapita juu ya nyasi zilizolowa, wachezaji hulipa kwa vifundo vya miguu msimu mzima. Mtendaji wa kata, aliyeteuliwa na anayeogopa simu kutoka juu, hawezi kukataa. Kamati iliyochaguliwa na wachangiaji, yenye kanuni iliyosainiwa na halmashauri, inaweza.

Nafasi ya kuyafanya haya ipo na haihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mitaa ina mikutano yake. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na vipaumbele vyake hukusanywa kutoka ngazi za chini miezi kadhaa kabla. Diwani anayetaka kituo cha michezo kwenye kata yake kabla shamrashamra za AFCON hazijapoa, afike kwenye mkutano unaofuata na rasimu ya mkataba: hati, kamati, ratiba, akaunti ya matunzo, na tarehe ambayo halmashauri italeta sehemu yake. Isomwe kwa sauti, ibishaniwe, iingizwe kwenye muhtasari na kugongwa mhuri. Mchoro wa jukwaa kuu unaweza kuwa ajenda namba mbili.